Jina la Ukoo kama Matini: Nisba, Nasaba na Ukimya katika Mwambao wa Kenya

Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Wengi wetu tuliifunza methali hii tukiwa shule ya msingi, tukaifafanua katika insha kuwa ni wito wa kuthamini mila, tukatuzwa alama zetu. Ni nadra sana kuulizwa swali lililo wazi zaidi: kwa nini aliyeiacha asili yake akafananishwa na mtumwa, wala si na maskini au mjinga? Jibu limo katika historia ya mwambao wenyewe. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa na nasaba yake. Huenda alimkumbuka babu yake moyoni, lakini hakuwa na babu wa kumtaja mbele ya kadamnasi. Methali hiyo basi haizungumzii mila tu, inazungumzia majina.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza jina la ukoo kama linavyotumika katika pwani ya Kenya, na kuuliza: mtu anapolifuata jina la ukoo wake kurudi nyuma kizazi baada ya kizazi, hufika wapi hasa? Imani iliyoenea ni kwamba atafika kwa mhenga wa kwanza. Dai letu ni tofauti. Tunashikilia kwamba jina la ukoo humfikisha mtafiti mahali na wakati ambapo jina hilo liliganda, yaani lilipokoma kubadilika na kuanza kurithiwa kama lilivyo. Aghalabu humfikisha pia kwa yule aliyekuwa na kalamu siku hiyo. Kwa mantiki hiyo, jina la ukoo ni matini, na msomaji wa fasihi ana zana za kulisoma ambazo pengine mwanahistoria hana.

Sikuliteua suala hili kwa sababu za kitaaluma pekee. Ukoo wetu una nisba ya Kiarabu, na tangu utotoni nilielezwa kuwa tulivuka bahari. Nilipoanza kutafuta ushahidi wa safari hiyo, nilikuta mambo ambayo ami yangu angependelea yabaki yalipokuwa. Tumekubaliana kwamba nitaeleza kisa bila kulitaja jina, na ahadi hiyo nitaitunza.

Nasaba na nisba

Ni muhimu kwanza kuzitofautisha dhana hizi mbili, kwa maana katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Nasaba ni mnyororo: fulani bin fulani bin fulani. Kila kizazi huongeza pete moja, na jina la mwana halifanani na la baba yake. Nisba kwa upande mwingine ni neno moja linalokuja mwishoni kuufunga mnyororo. Huundwa kwa kutia kiishio -i kwenye jina la kabila, mji au mhenga, na sarufi yake ni ya Kiarabu. Nasaba huhesabika, nisba hudaiwa.

Tuchukue jina la mshairi mkongwe wa Mombasa, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyefariki mnamo 1840. Katika maneno hayo machache mna tabaka tatu. Muyaka, kwa sauti zake, ni jina la watu wa hapa. Haji ni jina la Kiislamu linaloweza kupatikana popote Uislamu ulipofika. Al-Ghassaniy ni nisba inayoelekeza kwa kabila la Kiarabu la kale. Anayeanza kulisoma jina hili kutoka mwisho atasema mshairi alikuwa Mwarabu. Anayeanza mwanzo atasema alikuwa Mmvita. Nionavyo mimi, wote wawili wanalikata jina vipande. Jina zima linasema kuwa mtu huyu alikuwa mwenyeji mwenye dai la ugeni wa heshima, na hali hiyo ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa waungwana wa miji yetu.

Si kila nisba huvuka bahari. Waswahili wa Mombasa hujigawa katika mataifa kumi na mawili, yaitwayo Thenashara Taifa: Miji Mitatu, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, na Miji Tisa, yaani Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Takriban majina yote haya ni ya mahali, na mengi ni ya mahali ambapo wahenga waliondoka. Mtu wa Shaka huko Mombasa hubeba jina la mji wa kaskazini, karibu na delta ya Mto Tana, ambao pengine hajaukanyaga. Mwenye nisba ya Mtwapa huitwa kwa mji ambao sasa tunaujua zaidi kama magofu kandokando ya hori. Majina ya aina hii ni ramani ya uhamaji, na kwa mtafiti yana thamani kubwa kuliko yale ya mbali, kwa sababu yanaweza kuthibitishwa kwa miguu.

Nisba za mbali zinahitaji tahadhari. Wanabahani wa Pate wanatajwa katika Habari za Pate kuwa walifika kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya 13. Katika makala yake ya 1969, Neville Chittick alizitilia shaka tarehe hizo za mapema baada ya kuzilinganisha na ushahidi mwingine wa kihistoria na kiakiolojia. Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kuwa habari hizo ni uongo. Masimulizi ya nasaba yalikuwa na kazi ya kuhalalisha utawala, na msimulizi aliyerefusha mnyororo alikuwa akifanya kazi hiyo vyema. Sisi wa fasihi hatumwiti mtunzi wa utendi mwongo kwa kuwa Fumo Liyongo ni mkubwa kupita kiasi.

Majina mawili ya Mombasa

Ili kulionyesha dai letu kwa uwazi zaidi, tutayaweka bega kwa bega majina mawili yanayojulikana na kila Mkenya: Mazrui na Mbotela.

Wamazrui walikuja kutoka Omani na wakaitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, hadi Sayyid Said alipouteka mji mwaka 1837. Baada ya hapo viongozi wao kadhaa walihamishwa, na wengine wakahamia Takaungu upande wa kaskazini na Gazi upande wa kusini. Ni ukoo wenye maandishi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa watu wake, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1995. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alilifikisha jina hilo katika vyuo vikuu vya ulimwengu mzima. Hapa nisba imerithiwa, imeandikwa, imehaririwa na kuhifadhiwa. Mtafiti wa jina hili halazimiki kuanzia gizani.

Ng'ambo ya pili ya hori, mkabala na kisiwa cha Mombasa, Wamisionari wa Kianglikana walianzisha makazi ya Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Miongoni mwa waliofikishwa huko alikuwemo Myao mmoja kutoka nchi za Ziwa Nyasa aliyeitwa Mbotela. Mwanawe, James Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na ambacho husomwa kama mojawapo ya nathari ndefu za mwanzo zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya. Katika ukoo huohuo akatokea mtangazaji Leonard Mambo Mbotela (1940–2025), mzaliwa wa Freretown, ambaye sauti yake iliwauliza Wakenya kwa miongo mingi iwapo matendo yao yalikuwa ya kiungwana.

Tazama basi kilichotendeka. Mbotela halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu mmoja, aliyepewa kwao na watu waliomfahamu. Mnyororo uliokuwa nyuma yake ulikatika njiani. Jina lililosalia mkononi, lile moja, likageuka kuwa jina la ukoo kwa sababu halikuwa na lingine la kulifunga. Ukilifuata jina Mazrui kurudi nyuma utapita katika maandishi hadi Omani. Ukilifuata jina Mbotela utasimama ghafla mbele ya mtoto aliyetekwa. Wengi husema kuwa la kwanza lina historia na la pili halina. Mimi naona kinyume: la pili linaonyesha hadharani mahali lilipogandia na sababu ya kuganda, jambo ambalo nisba nyingi hulificha.

Mtunzi wa Uhuru wa Watumwa ana udhaifu wake. Anawasifu mno Waingereza, na Waarabu anawachora kwa rangi moja. Hata hivyo, alifanya jambo ambalo wachache wa kizazi chake walithubutu kulifanya: alikiri kwa maandishi, kwa jina lake mwenyewe, kuwa baba yake alipata kuwa mtumwa. Pale Freretown hilo liliwezekana, kwa kuwa karibu kila jirani alikuwa na kisa kama hicho. Huko mjini, ng'ambo ya maji, halikuwezekana.

Jina la bwana

Kwa nini halikuwezekana mjini? Kiswahili chenyewe kinatueleza. Msamiati wa utumwa ulikuwa na ngazi. Mateka aliyefika karibuni aliitwa mjinga, neno ambalo leo tunalitumia kwa mwanafunzi asiyejibu swali. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Aliyekimbia alikuwa mtoro, na watoro walijenga vijiji vyao, mathalani Fuladoyo, au wakakimbilia misheni ya Rabai. Mnamo Januari 1889, Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliwatolea hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni hizo. Aliyeachwa huru na bwana wake aliitwa hadimu. Hadimu hakuhama. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, uhusiano wake na nyumba iliyomwacha huru uliendelea, naye akahesabiwa kuwa wa nyumba ile. Kwa njia hiyo, nisba ya bwana iliweza kuwafunika wote: waliozaliwa katika ukoo na walioachwa huru na ukoo.

Majina ya kwanza ndiyo yaliyobakia kuwa dalili. Watumwa walipewa majina ya kheri na ya vitu vya thamani: Baraka, Faraji, Mabruki, Feruzi, Almasi, Marjani. Bila shaka majina haya yalitumiwa na watu huru pia, kwa hiyo haitoshi kumkuta Faraji katika nasaba na kutoa hukumu. Hata hivyo, mnyororo unapotaja wana watano mfululizo wenye majina ya Kiislamu ya kawaida, kisha ukaishia kwa Almasi asiyekuwa na baba, msomaji makini atatua hapo kidogo.

Suala la suria ni zito zaidi. Mtoto aliyezaliwa na bwana na mjakazi wake, baba akamkubali, alikuwa huru na alirithi nisba kamili. Mama hakuacha jina lolote katika mnyororo. Yaani nisba huweza kuwa ya kweli kabisa kwa upande wa baba, na papo hapo ikawa imefunika nusu ya ukoo.

Sayansi imeanza kuunga mkono usomaji huu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulichunguza mabaki ya watu 80 kutoka miji ya kale ya mwambao na mji mmoja wa bara. Ulibainisha kuwa wengi wa watu wa pwani waliochunguzwa walikuwa na asili ya Kiafrika iliyotoka hasa kwa wanawake, pamoja na asili ya Kiasia iliyotoka hasa kwa wanaume, wengi wao Waajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Waliokuwa wakiyacheka masimulizi ya Washirazi walilazimika kunyamaza kidogo. Waliokuwa wakijivunia Ushirazi mtupu nao walilazimika kunyamaza. Masimulizi yalisema kweli kuhusu akina baba. Akina mama hayakuwataja.

Hapana budi kutaja kwamba fasihi iliwataja. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858, tunamjua kwa jina lake na la baba yake, wala si kwa la mumewe, ambaye alikuwa mtawala wa Siyu. Binti huyo, Mwana Hashima binti Sheikh, aliishi hadi miaka ya 1930. Hakuna nisba iliyowaunganisha mama na mwana katika jina. Kilichowaunganisha ni utendi.

Kipande na daftari

Jina la ukoo kwa maana ya jina moja linalorithiwa na kila mtoto, liandikwalo mwishoni mwa fomu, ni jambo la juzijuzi kwa Wakenya walio wengi. Miongoni mwa Wagiriama jina la babu humrudia mjukuu, kwa hiyo mnyororo huzunguka badala ya kunyooka. Mtindo wa namna hiyo haukumpendeza karani. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alivishwa kipande shingoni, na ndani ya kijikasha hicho jina lake likaandikwa jinsi karani alivyolisikia. Wanawake hawakupewa.

Jinsi jina linavyoweza kuganda upesi tunaionea katika ukoo maarufu kuliko wote nchini. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone mwaka 1914. Baadaye akajulikana kwa lakabu inayohusishwa na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa, uitwao kinyata. Leo Kenyatta ni jina la ukoo, limepita kwa watoto na wajukuu, na Ngengi limebaki kuwa jina la ndani. Lakabu ya mtu mmoja iligeuka nisba ndani ya kizazi kimoja tu.

Tahajia nayo ina hadithi yake. Kiswahili kilisanifishwa kuanzia 1930, lakini majina ya watu hayakusanifishwa na kamati yoyote. Ndiyo maana hadi sasa tunakuta Nabhany na Nabahani, Busaidi na Busaidy. Sauti ya ayn iliyokuwemo katika Mazrui iliachwa nyuma majina yalipohama kutoka hati za Kiarabu kuingia za Kirumi. Anayetafuta jina katika makavazi akatumia tahajia moja atakosa nusu ya watu wake.

Kisa cha nyumbani

Nirejee sasa nilikoahidi kurejea. Nilikusanya hati zote za ukoo wetu nilizoweza kuzipata, nikazipanga kwa miaka. Cheti changu cha kuzaliwa kina nisba. Cha shule cha baba kina nisba, ila tahajia yake ni tofauti na yangu. Tofauti hiyo iliwahi kumtia baba katika safari tatu za kuapa mbele ya wakili ili athibitishe kuwa yeye ni yeye. Kadi ya zamani ya babu ina majina mawili tu, lake na la baba yake, na bin katikati. Cheti cha ndoa cha babu pia kina hayo mawili. Jina la baba yake ni mojawapo ya yale majina ya kheri niliyoyaorodhesha hapo juu. Nisba haimo.

Maana yake ni kwamba jina letu la ukoo liliganda siku baba alipoandikishwa darasa la kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilimwuliza ami. Alinijibu kwa upole kwanza: babu hakupenda kujionyesha, ndiyo maana hakuiandika nisba. Nilipouliza mara ya pili upole ulipungua. "Mwanangu," alisema, "wewe huna dada wa kuozwa?"

Swali hilo limenifunza zaidi kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na bado, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwanamume mwenye heshima zake anaogopa kuwa jina moja likiandikwa katika jarida la wanafunzi, posa inaweza kurudishwa. Sidhani ana wasiwasi bure. Nimeshuhudia wazee wakihesabiana mababu kabla ya kukubali chai.

Nyanya ndiye aliyenieleza, akiwa anachambua mchele, bila kuniangalia. Baba mkwe wake alikuwa mzalia katika nyumba ya wenye nisba hiyo, aliachwa huru akiwa kijana, akabaki kuwafanyia kazi ya ujenzi, nao wakamwita wao. Mwalimu alipomwuliza babu jina la ukoo wa mtoto, babu alitaja la nyumba ile. Nyanya haoni kuwa ulikuwa uongo, wala mimi sioni. Ada na sheria vilimpa haki hiyo. Kilicho cha uongo ni safari ya baharini tuliyoiongezea baadaye, sisi tuliosoma.

Nilimwuliza kuhusu mama wa yule mzee. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa alikuwa na jina la huku na jina la kwao. La huku alinitajia wazi. La kwao alilitaja mara moja tu. Lilianza na Che-, silabi ambayo Wayao huitumia kwa heshima mbele ya majina ya watu. Silabi moja si ushahidi wa kutosha. Lugha za jirani za kusini zinafanana, na masikio ya nyanya yalilipokea kwa Kimvita. Nitalipeleka kwa wazungumzaji wa Kiyao kabla sijaandika lolote katika tasnifu.

Katika chati ya ukoo niliyoichora, upande wa akina baba unaishia kwa yule mzalia. Juu yake nimeweka kisanduku cha mama yake. Nilipomwonyesha nyanya, aliomba asomewe kila jina, nikamsomea. Nilipofika kwenye kisanduku kile, aliniambia niandike hiyo Che peke yake, na yaliyobaki niyaache mpaka ami yangu arudi kutoka safari, azungumze naye mwenyewe.